Nitambueje umri wa picha za kale, na nizihifadhije bila kuziharibu?

Mrithi wa Sanduku

Wapendwa wanajukwaa, nimerithi sanduku lenye picha zipatazo sitini za ukoo wetu, na wote walioweza kunieleza zilipigwa lini wamekwisha fariki. Baadhi zimebandikwa juu ya kadi ngumu na zimeingia umanjano. Mbili ziko juu ya bamba jembamba la madini. Nyingine zina mng'ao wa fedha pembezoni, hasa penye weusi, nami nilikaribia kuufuta kwa kitambaa chenye maji nikidhani ni uchafu. Zilizobaki ni za rangi, zimo katika albamu yenye kurasa za gundi zilizofunikwa kwa plastiki. Je, picha zenyewe zaweza kunionyesha umri wake? Na je, nizibandue zote na kuandika majina nyuma kwa kalamu ya wino?

Mtunza Nyaraka

Ni heri mkono wako ulisita. Mng'ao huo ni fedha ya picha yenyewe, ambayo kwa unyevu na hewa chafu imepanda hadi juu ya uso wa picha, na ukiifuta unafuta sehemu ya picha. Tena ni dalili yenye faida, kwani huonekana hasa kwenye picha za jelatini, yaani zile ambazo fedha yake imeshikwa ndani ya tabaka la jelatini, zilizoanza kuenea katika miaka ya 1880.

Zile za manjano huenda ni za ute wa yai, yaani karatasi iliyopakwa ute huo, mbinu iliyotangazwa na Mfaransa Blanquart-Evrard mwaka 1850 na kutawala hadi miaka ya 1890. Karatasi yake ni nyembamba mno na hujikunja, ndiyo sababu ilibandikwa kwenye kadi. Itazame kwa kioo cha kukuzia: ukiona nyuzi za karatasi, yaelekea ni ute wa yai, kwenye nyingi za jelatini nyuzi hufichwa na tabaka jeupe lililo chini ya picha. Kisha pima kadi. Yenye takriban sentimita 6 kwa 10 ni ya umbo ambalo mpiga picha Mfaransa Disdéri alilipatia hataza (haki ya uvumbuzi) mwaka 1854, na ile ya takriban 11 kwa 16.5 ilienea kuanzia 1866. Usiache kusoma nyuma pia, kwa kuwa studio zilihama mara kwa mara, na anwani iliyochapwa hapo mara nyingi hubana miaka kuliko mavazi. Mtu aweza kupigwa picha akiwa na koti alilolinunua miaka kumi iliyotangulia.

Fundi wa Chumba cha Giza

Kwa zile mbili za bamba la madini, sogeza sumaku nyuma yake bila kuikwaruza. Ikivutwa, hiyo ni tintaipu, ambayo licha ya jina lake ni ya chuma wala si ya bati, na hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1856. Isipovutwa, na uso wake ukawa kama kioo cha kujitazamia, kiasi kwamba picha hugeuka kuwa hasi, weusi ukawa weupe, unapoiinamisha, basi ni dagerotaipu, shaba iliyopakwa fedha, mbinu iliyotangazwa mwaka 1839. Hiyo usiiguse usoni kamwe, wala usiitoe kwenye fremu yake ya kioo.

Mkono Mwepesi

Albamu ya gundi ndiyo ninayoihofia zaidi. Kabla ya kubandua chochote, piga picha kila ukurasa mzima, kwa sababu mpangilio na maelezo ya pembeni ni ushahidi pia. Kisha pitisha uzi wa kusafishia meno kati ya picha na ukurasa, polepole; inayokataa iache, maana ni afadhali picha iliyoganda kuliko iliyopasuka. Kalamu ya wino hapana: andika kwa penseli laini, ukingoni nyuma, picha ikiwa imelala juu ya meza ngumu. Ziweke katika bahasha za karatasi isiyo na asidi au za poliesta, kamwe si za plastiki ya PVC, mbali na bafu na nafasi ya juu ya dari. Picha za rangi hufifia hata gizani, hivyo anza kuzichanganua hizo kwa skana, kwa nukta 600 kwa inchi.

Mrithi wa Sanduku

Nashukuru sana. Sumaku imevuta zote mbili. Kadi moja ina sentimita 6 kwa 10 na anwani ya studio nyuma, nami nimeanza kuitafuta katika orodha za zamani za biashara.