Paladiamu juu ya TS-1: mbona napata propani?

Swali
Wadau, miezi mitatu sasa nahangaika na kichocheo cha kazi mbili. Msingi ni TS-1, zeolaiti (fuwele yenye vitundu vidogo sana) ya silika yenye titaniamu kidogo, na juu yake nimeweka paladiamu asilimia 1 kwa uzito. Paladiamu iunganishe haidrojeni na oksijeni zitoe peroksidi ya haidrojeni palepale, titaniamu ichukue oksijeni ya peroksidi hiyo iipe propilini, iwe oksidi ya propilini ninayoitaka. Bila klorini, bila maji ya chumvi ya kumwaga kama katika njia ya zamani. Unga ulikuwa mweupe kama wanga. Nilipoupitishia haidrojeni kwa nyuzi 300 ukawa wa kijivu. Kromatografi, mashine ya kutenganisha na kupima gesi, inaonyesha mlima wa propani, na oksidi ya propilini ni kijinundu tu. Nakosea wapi?

Jibu la 1
Rangi hiyo ya kijivu inaniambia paladiamu yako imekuwa chuma tupu, na pengine imejikusanya madonge. Paladiamu ya namna hiyo huitia propilini haidrojeni moja kwa moja, ikawa propani, kabla peroksidi haijapata nafasi. Asilimia 1 ni nyingi mno. Mimi nilishuka hadi 0.1, nikachanganya na dhahabu ili chembe za paladiamu zitengane, na propani ikapungua sana. Na tafadhali sana, haidrojeni na oksijeni pamoja hulipuka kwa uwiano mpana mno. Zimua kwa naitrojeni, usikisie.

Jibu la 2
Naongeza: umeipima titaniamu yenyewe kwa mwanga wa urujuanimno? Kilele karibu na nanomita 210 maana yake imekaa ndani ya kiunzi cha zeolaiti. Ukiona kitu karibu na 330, hiyo ni anatasi, yaani oksidi ya titaniamu iliyojitenga nje ya kiunzi, nayo huvunja peroksidi bure. Usikate tamaa na TS-1. Kiwanda cha Ulsan, Korea Kusini, kinaitumia tangu 2008, ila peroksidi yake hutengenezwa kando kwanza. Kuziunganisha hatua mbili ndiko kunakotushinda wengi.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nimepima leo: 210 ipo imara, lakini kuna bega karibu na 330. Kumbe nina makosa mawili! Napika TS-1 upya, titaniamu nitaiongeza tone kwa tone ikiwa baridi, halafu paladiamu 0.1 na dhahabu. Aliyewahi kuzitia metali hizo mbili kwa pamoja, uliloweka unga kwenye myeyusho wake, au ulizifanya zitue juu ya unga kwa kubadili pH (kiwango cha asidi)?