Yule mtembeza wageni amegonga mlango wa bibi yangu kwa fimbo!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule mtembeza wageni wa Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, mnamjua, mwenye kofia ya viua na fimbo, leo saa nne kaja na kundi lake hadi kwetu. Bibi yupo barazani anachagua mchele. Hakuna hodi, hakuna shikamoo. Kagonga mlango kwa fimbo, ko ko ko, akawaambia wageni humu ndimo walimofungiwa watumwa. Bibi anasikia!

Mlango wenyewe wa nakshi, misumari yake ya shaba bibi huisugua kwa ndimu na majivu kila Idi ikikaribia. Yeye kaugonga kwa fimbo.

Uongo wake unajaza jahazi. Eti Livingstone alilala chumba chetu cha juu. Livingstone kaletwa hapa maiti, Februari 1874, watumishi wake kina Chuma na Susi wamembeba kutoka bara, akalazwa kanisani misheni, si juu ya jiko letu! Eti Boma ndiyo ikulu Wajerumani walipotawalia nchi kutoka Bagamoyo. Makao makuu yalihamia Dar es Salaam 1891, Boma limejengwa 1897!

Watumwa walipita mji huu, hatukatai. Lakini huwezi kuigeuza nyumba ya mtu gereza kwa ajili ya bahashishi, mwenyewe amekaa mlangoni. Kwa fimbo, jamani!

Mwambao: Pole mkuu. Kisima chetu alishakiita kaburi.

Kipepeo: Uzi mzima ko ko ko. Bibi mwenyewe kasemaje?

Mleta uzi: Kawakaribisha chai! Ndiyo inayoniuma!

Kipepeo: Basi hasira unamkasirikia nani? Mwenye mlango kanywa chai na wageni wake.

Mchumbageni: Nyie mna nyumba ya kugongwa. Huku Tanga fundi kamdanganya baba mdogo apige plasta ya saruji juu ya ukuta wa zamani wa matumbawe na chokaa. Ukuta haupumui, unyevu umebaki ndani. Masika moja tu, plasta chini, vipande kama sahani.

Mwambao: Fundi huyo ana baiskeli nyekundu? Alikuja huku, kala hela yangu ya boriti.

Mchumbageni: Ndiye! Amekuachia namba gani? Niliyo nayo haipatikani tangu Ramadhani.

Mleta uzi: Wakuu, mlango…

Mwambao: Subiri kwanza mkuu. Inaishia na ngapi?