Kiingilio 1,500, na albamu yenyewe hatukuisikia

Wakuu, nina hasira na sizifichi. Kuna klabu moja Nyali ilitangaza wiki nzima: Ijumaa watapiga Spectrum, albamu ya mpiga ngoma wa jazz-rock Billy Cobham, ile ya 1973, mwanzo hadi mwisho, santuri yenyewe, spika za maana. Mie natoka Likoni. Nikabanana kwenye feri, nikapanda tuktuk, nikalipa kiingilio. Chakula mbali.

Santuri ilikuwa jalada tu, limeegemezwa mezani kwa dijei kama picha ya harusi. Muziki unatoka kwenye simu yake. Simu, jamani! Wimbo wa kwanza, Quadrant 4, umechachamaa, kinanda cha Jan Hammer na gitaa la Tommy Bolin vinafukuzana, mara tangazo la kamari! Watu wakacheka. Mie sikucheka.

Ukaja wimbo wa Stratus. Wanaoijua wanajua: kama dakika 3 za mwanzo hakuna mdundo wa kushika, kinanda kinavuma huku Cobham anapasua ngoma apendavyo, ndipo besi ya Lee Sklar inapoingia, noti zile zile, haitetereki, na wenzake wanapanda juu yake. Besi hiyo ndiyo kundi la Uingereza Massive Attack waliyoichukua 1991 kwa wimbo wao. Sasa yule kijana akaona wimbo umechelewa kuchanganya, akausogeza mbele kwa kidole! Akatua katikati ya gitaa, kisha akapiga honi. Honi, juu ya Cobham! Mzee mmoja nyuma akapiga kelele "Rudisha!" Wapi.

Na besi wameifungua mpaka glasi zinatembea mezani, matoazi hayasikiki kabisa. Albamu ya mpiga ngoma, bendi yake, jina lake liko jaladani, halafu ngoma zake ndizo usizozisikia. Sijui walidhani tumefuata nini pale.

Red Baron, ule wa mwisho, hatukuufikia. Saa nne wakaingiza amapiano, basi. (Sina ugomvi na amapiano, ila siyo niliyolipia.) Nikamfuata meneja, ananijibu, "Bro, watu wame-enjoy." Watu gani? Nusu ya meza zilishakuwa tupu. Eti nikae, ataniletea soda.

Soda ya nini? Nataka 1,500 yangu. Nimeandika kwenye ukurasa wao, wamefuta. Uliyekuwepo ukiwa bado una ujumbe wa malipo kwenye simu, usiufute, nitafute inbox. Jumatatu naenda pale mchana, mwenye klabu akiwepo, na sitaki kwenda peke yangu.