Ishara ya msalaba: mkono uanzie bega lipi, na kwa nini?

Mkatekumeni_Mpya:
Shalom wapendwa. Kwenye mafundisho tunaonyeshwa paji la uso, kifua, bega la kushoto, kisha la kulia. Lakini nimewaona Waorthodoksi wakianza bega la kulia. Nani yuko sahihi? Na Injili inapotangazwa kwenye Misa, vile vidole vinavyogusa paji, midomo na kifua vina maana gani? Swali la mwisho: je, Ijumaa Kuu tunaabudu mti wa msalaba?

Msaidizi_wa_Liturujia:
Karibu sana, ndugu. Wote wako sahihi, kila mmoja kwa mapokeo yake. Papa Inosenti wa Tatu, kabla hajachaguliwa mwaka 1198, aliandika kwamba watu huanzia kulia kwenda kushoto, akataja pia wanaofanya kinyume chake. Kwa hiyo kwa Walatini, yaani Wakatoliki wa Kiroma kama sisi, utaratibu wa sasa ulitulia baadaye. Wabizanti, yaani Wakristo wa mapokeo ya Kigiriki, walibaki na kulia kwanza. Wakopti wa Misri na Waethiopia, ambao nao huitwa Waorthodoksi, huanza kushoto kama sisi.

Sasa jinsi ya kufanya. Mkono wa kushoto uweke kifuani, wa kulia uwe umenyooka, vidole pamoja. "Kwa jina la Baba" kwenye paji; "na la Mwana" chini ya kifua; "na la Roho" bega la kushoto; "Mtakatifu" bega la kulia; "Amina" mikono ikiunganishwa. Kosa kubwa ni haraka. Mkono unaishia kooni, mabega hayaguswi, na maneno yamekwisha kabla ya mkono kufika. Hapo msalaba hauonekani tena, ni kama mtu anafukuza nzi, na inasikitisha, kwa sababu hayo ndiyo maneno uliyobatizwa au utakayobatizwa kwayo (Mt 28:19). Ndiyo maana tunachovya vidole katika maji ya baraka mlangoni: tunarudi kwenye ubatizo. Ncha za vidole zinatosha.

Kwenye Injili ni misalaba midogo mitatu kwa kidole gumba: Neno likae akilini, litamkwe midomoni, lihifadhiwe moyoni. Fanya ukisema "Utukufu kwako, ee Bwana". Wengi huongeza ishara kubwa baada ya ile midogo, haihitajiki.

Mwana_wa_Mashariki:
Naongeza kwa upande wetu Wabizanti. Gumba, cha shahada na cha kati huunganishwa: Utatu. Viwili vilivyobaki hukunjwa kiganjani: Kristo ni Mungu kweli na mtu kweli. Mkono hushuka hadi tumboni, ili mti wa wima uwe mrefu kuliko wa kulala. Msidhani vidole ni jambo dogo. Huko Urusi, Patriaki (askofu mkuu) Nikon alipoagiza vidole vitatu badala ya viwili katika miaka ya 1650, Kanisa lilipasuka, na Waumini wa Kale, waliokataa badiliko hilo, wanatumia viwili hadi leo.

Mlutheri_Msomaji:
Wengine husema ishara hii ni ya Wakatoliki tu. Si kweli. Katekisimu Ndogo ya Martin Luther ya mwaka 1529 inaagiza ujibariki kwa msalaba mtakatifu unapoamka na unapokwenda kulala, kisha useme Imani na Baba Yetu. Na muda mrefu kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 3, Tertuliano wa Kartago aliandika kwamba Wakristo hutia alama hiyo kwenye paji wakitoka, wakivaa viatu, wakila, wakiwasha taa.

Msaidizi_wa_Liturujia:
Swali la Ijumaa Kuu nililiruka. Kiswahili chetu kinasema "kuabudu msalaba", na neno hilo ndilo linalochanganya watu. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Nisea, mwaka 787, ulitenganisha mambo mawili: ibada ya kweli ni ya Mungu peke yake, msalaba na picha takatifu hupewa heshima, na heshima hiyo humwendea anayeoneshwa. Unapopiga goti na kubusu, unambusu aliyetundikwa pale. Ukiwa na shaka, soma Wagalatia 6:14.

Mkatekumeni_Mpya:
Asanteni mno. Na mtu ambaye mkono wake wa kulia umevunjika?

Msaidizi_wa_Liturujia:
Atumie wa kushoto, mwelekeo uleule: bega la kushoto, kisha la kulia. Asiyeweza kuinua mkono wowote aombe mwenzake amtie alama kwa gumba kwenye paji, kama wazazi wanavyomtia mtoto siku ya ubatizo.