Lakrosi na vyuo: barua ya kocha ina maana gani kwa mzazi?

Mama wa Columbia, Maryland

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Mwanangu wa kwanza yuko gredi ya 10, anacheza lakrosi ya shule na ya klabu, nafasi ya kiungo. Mimi nimekulia Tanga. Mchezo huu nilianza kuuona huku huku, na hadi leo wakigongana na vile vifimbo vyao vyenye wavu wa kudakia mpira roho hunipaa. Ila mtoto anaupenda. Kila jioni anapigia mpira ukuta wa gereji, mkono wa kulia mara mia, wa kushoto mara mia, mpaka namwita chakula mara tatu.

Wiki iliyopita kaletewa barua pepe na kocha wa chuo kikubwa, anaalikwa kambi ya kiangazi, ya kulipia. Baba yake kafurahi, anasema ufadhili ndio huo unabisha hodi. Papo hapo kuna kampuni imetupigia simu, inataka tulipe ili imtangaze kwa makocha. Klabu nayo inadai ada ya msimu. Fedha zetu ni za kudunduliza. Aliyeipita njia hii anishike mkono.

Baba wa Towson, Maryland

Dada yangu, hongera kwa malezi. Binti yangu alipita huko na sasa yuko mwaka wa pili chuoni, bado anacheza.

Hiyo barua ya kambi msiipokee kama posa. Barua za namna hiyo hutumwa kwa mamia ya watoto kwa mpigo. Si utapeli: kama chuo anakitaka kweli na kozi yake ipo, kambi ni nafasi ya kocha kumwona kwa macho. Lakini kocha mwenye nia hutaja mechi aliyomwona akicheza, na huuliza alama za darasani. Kwa Divisheni I, lile daraja la juu la michezo ya vyuo, hawezi kuandika hayo sasa hata angetaka. Tangu 2017 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, imewazuia makocha wa lakrosi kuzungumza na mtoto habari za usajili mpaka Septemba 1 ya gredi ya 11. Kabla ya hapo watoto wa gredi ya 8 na ya 9 walikuwa wakivipa vyuo neno lao, hawajajua hata wanapenda somo gani. Kijana wako anaruhusiwa kuwaandikia. Wao ndio waliofungwa mdomo. Mweleze mapema, maana ukimya ule huwavunja watoto moyo.

Sitausahau usiku ule wa Septemba 1. Wenzake wa klabu walikuwa wakitumiana picha za jumbe za makocha zilizoingia saa sita kamili. Simu ya binti yangu ilikuwa mezani kando ya sahani ya chapati, haikuwaka. Mama yake alikaa naye mpaka saa nane, hawasemi kitu. Wiki tatu baadaye alipiga kocha wa chuo kidogo cha Divisheni III, akamtajia bao alilofunga kwa mkono wa kushoto mwezi Juni. Ndiko aliko leo.

Kwenye fedha ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tukisikia skolashipu ya michezo tunadhani ni ada, chumba na chakula vyote. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya Divisheni I iliruhusiwa skolashipu 12.6 tu, ya wanawake 12, na kocha akazigawa vipande kwa kikosi kizima: huyu nusu, yule robo, mwingine hapati kitu. Kuanzia msimu wa 2025-26, baada ya maafikiano ya mahakamani, vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya havina tena kikomo cha skolashipu. Kikomo kimehamia kwenye kikosi, wanaume 48 na wanawake 38. Lakini chuo kuruhusiwa kulipa si chuo kuwa na fedha za kulipa. Mtoto na amuulize kocha waziwazi: kwa nafasi yangu mnasajili wangapi mwaka wangu, na kuna kiasi gani?

Divisheni III haitoi skolashipu ya michezo kabisa. Vyuo vya Ivy League, vile vinane vya zamani kama Harvard, ni vivyo hivyo, ingawa viko Divisheni I. Na msiangalie jina la chuo peke yake: Johns Hopkins hapa Baltimore iko Divisheni III kwa michezo mingi, lakini lakrosi yake ni Divisheni I. Sasa msivikimbie vyuo visivyotoa, kwa sababu hutoa msaada kwa kuangalia kipato, na vingi vya Divisheni III hutoa kwa alama pia. Kwa mishahara yetu, chuo cha binti yangu kimetutokea nafuu kuliko chuo kilichotaka kumpa robo. Tovuti za vyuo zina kikokotoo cha gharama halisi. Ingizeni mapato yenu kabla ya kulipia kambi yoyote. Ni kazi ya nusu saa na ingetuokolea kiangazi kizima cha hoteli na petroli.

Kampuni ya kumtangaza, sisi tulilipa. Barua ikaenda kwa makocha wengi ikiwa ni ile ile moja, hakuna aliyejibu. Kilichojibiwa ni video aliyoikata mwenyewe: dakika tatu, matukio mazuri yametangulia, na mshale unamwonyesha yeye ni yupi kabla mpira haujaanza.

Na hapa naomba unisikilize kama kaka. Mtoto ndiye wa kuandika na kupiga simu, si wewe wala baba yake. Watoto wetu tumewafundisha kutomkazia mkubwa macho, wasiongee mpaka waongeleshwe. Ni adabu na siijutii. Lakini binti yangu alipozungumza na kocha wa kwanza kwa video, alitazama chini akajibu "ndiyo kocha" mara kumi, na kocha akadhani hana hamu. Tulikaa jikoni jioni kadhaa, mimi nikijifanya kocha, yeye akiuliza maswali. Nilimwambia kwamba huyu mtu kumtazama usoni ndiyo heshima anayoijua.

Mama wa Syracuse, New York

Asanteni sana. Sisi tulitoka Kongo, tukapitia kambi ya wakimbizi Uganda, sasa tuna green card. Binti yangu aliingia shule ya huku gredi ya 9 na sasa ni mlinda goli. Huku jirani zetu ni Waonondaga, wenyeji wa asili wa Marekani, na lakrosi ni mchezo wa wazee wao tangu zamani sana; kwao ni dawa na ni sala. Nilipoelezwa hivyo niliacha kuuogopa.

Je, mtoto wa namna yetu anaweza kuomba msaada wa serikali? Na matokeo ya shule ya kwanza yanahesabiwa?

Baba wa Towson

Dada wa Syracuse, ndiyo. Mwenye green card anajaza FAFSA, ile fomu ya kuombea msaada wa serikali, kama raia. Aliye kwenye viza ya masomo ndiye hawezi, ingawa chuo chenyewe kinaweza kumsaidia.

Upande wa masomo, NCAA inadai masomo ya msingi 16 kuanzia gredi ya 9 kwa wa Divisheni I, kumi kati ya hayo yamalizike kabla ya gredi ya 12, na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 2.3. Kwa kuwa alianza gredi ya 9 huku, matokeo ya shule ya kwanza hayahitajiki. Angekuwa ametoka sekondari ya kwetu katikati, vyeti vingehitajika, na kuvipata huchukua miezi. Nendeni kwa mshauri wa shule, muulizeni somo moja moja kama limo kwenye orodha ya NCAA ya shule yenu. Masomo mengine ya kuongezea Kiingereza hayahesabiwi. Tuligundua hilo kwa mpwa wangu ikiwa imebaki miezi minne.

Jambo jingine: neno la kocha si barua ya chuo. Kocha hamwingizi mtu chuoni, ofisi ya udahili ndiyo inayoamua. Ile hati ya zamani ya kusaini kwamba mtoto atajiunga na chuo (National Letter of Intent) ilifutwa 2024. Sasa mnachosaini ni mkataba wa msaada wa fedha na chuo chenyewe. Usomeni: ni wa mwaka mmoja au minne, na mtoto akiumia goti inakuwaje?

Dada wa Silver Spring, Maryland

Niongeze kwa wenye watoto ambao ndio weusi pekee uwanjani, maana mdogo wangu aliumia sana na hilo. Morgan State, chuo cha watu weusi Baltimore, kilikuwa na timu iliyoifunga Washington and Lee, timu kubwa ya lakrosi wakati huo, mwaka 1975. Leo vyuo vingine vya watu weusi vinacheza pia: Howard ina timu ya wanawake, Hampton ya wanaume, zote Divisheni I. Na Uganda ilicheza mashindano ya dunia ya Denver 2014, nchi ya kwanza ya Afrika kufika hapo. Waambieni.

Mama wa Columbia

Sina la kuwalipa. Jana usiku tumefanya hesabu za vyuo vitano. Cha kambi ndicho ghali kuliko vyote, na somo analotaka halipo. Baba yake kanyamaza kidogo, kisha kasema tusilipe.

Kijana kaandika barua yake ya kwanza mwenyewe kwa kocha wa Salisbury, chuo cha hapa Maryland: mwaka atakaomaliza, kiungo, GPA, ratiba ya Juni. Kanisomea mara mbili kabla ya kuituma. Nilitaka kuongeza sentensi moja, nikajizuia.