Nani aliwafundisha mafundi kung'oa themostati na kuziba hita? Injini ya Peugeot 504 yangu imekufa

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Silinda hedi ya gari langu (kifuniko cha juu cha injini) iko mezani mbele yangu, imepinda, na slivu mbili, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimehama mahali pake. Waliolifikisha hapo ni mafundi wawili ambao niliwalipa bila kupunguza hata senti.

Gari ni Peugeot 504 ya mwaka 1974, injini ya petroli ya 1971 cc, ile yenye bloku (mwili wa injini) ya chuma, hedi ya aluminiamu na slivu zinazozungukwa na maji moja kwa moja. Shikeni hilo la slivu, nitalirudia.

Lilianza kuchemsha milimani. Kwenye tambarare mshale ulikaa katikati kama kawaida, lakini ukipanda mlima mrefu kwa gia ya pili, unaanza kusogea. Nikalipeleka kwa fundi wa kwanza. Hakufungua mfuniko wa rejeta aone rangi ya maji. Hakupitisha mkono juu ya rejeta injini ikiwa na moto asikie kama kuna sehemu iliyobaki baridi. Mkanda wa feni hakuugusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye themostati, kile kimlango kinachozuia au kuruhusu maji kwenda kwenye rejeta, akaitoa, akaitupa, akafunga. "Bosi, magari ya zamani yanachemshwa na hiki kidude." Halafu akaona hosi ya hita inadondosha maji kwenye klipu. Klipu tu! Akazikata hosi zote mbili na kuziunganisha kwa kipande cha bomba, maji yasifike tena kwenye hita. "Hita ya nini, bosi?" Akamalizia na feni. Feni ya 504 hushikwa na sumaku ya umeme maji yakipata moto na kuachiwa yakipoa. Yeye akaikaza kwenye puli izunguke saa zote.

Mshale ukashuka chini kabisa. Nikamshukuru, nikampa na ya ziada. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Sasa nisikilizeni ninyi mnaoendelea kuwatolea watu themostati. Kile kidude kina nta ndani. Maji yakifika joto lililochapwa juu yake, mara nyingi kama nyuzi 82, nta inatanuka na kusukuma mlango ufunguke. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kazi haraka na kuibakiza hapo. Ukiitoa, injini inatembea baridi. Petroli haichomeki vizuri, sehemu yake inaosha oili kwenye kuta za silinda, unyevu unaobaki ndani ya oili haupati joto la kuukausha. Mimi niliyaona yote: plagi nyeusi, mafuta yanakwisha haraka, na chini ya mfuniko wa oili utando mweupe kama krimu. Na kuna injini ambazo themostati ikifunguka inaziba pia njia ndogo inayorudisha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye hizo ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka humo humo na gari linachemsha zaidi. Kuipima ni kazi ya sufuria ya maji, uzi wa kuining'iniza na kipimajoto. Hakuna fundi asiye na sufuria!

Na swali la "hita ya nini" linanitia uchungu kila nikilikumbuka. Hita ni rejeta ndogo. Gari likianza kupandisha joto mlimani, unafungua hita mpaka mwisho na kuwasha feni yake, unaungua miguu dakika chache lakini injini inapata nafasi ya kupumua hadi utakapopata pa kusimama. Ndiyo hewa inayokausha kioo cha mbele mvua ikinyesha. Mtu aliyebuni gari aliiweka kwa sababu. Wewe unaikata kwa sababu hukutaka kufunga klipu mpya!

Miezi kadhaa baadaye, nikiwa na abiria wanne na mizigo kwenye mlima mrefu, mshale ulipanda kutoka chini hadi mwekundu, nikasikia injini inagonga. Nilizima hapo hapo lakini gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya hedi na bloku, ilikuwa imekwishaungua. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukiipika namna hiyo huku imefungwa kwa bolti juu ya bloku, inapinda.

Kumbe ugonjwa ulikuwa ni ule ule wa siku ya kwanza. Baadaye mtengeneza rejeta alipofungua tangi la juu, karibu theluthi ya mirija ilikuwa imeziba kwa kutu na chokaa. Na kile kipande cha kaboni kinachopeleka umeme kwenye sumaku ya feni kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo kabla ya fundi kuikaza feni haikuwa inashika kabisa. Mlimani gari linakwenda taratibu, upepo ni mdogo, feni haifanyi kazi, rejeta nusu mfu. Lazima lichemshe. Kaboni ile unaibadilisha bila jasho. Rejeta inafunguliwa, inazibuliwa, inarudi kuchomelewa. Themostati haikuwa na kosa lolote, na nilishindwa hata kuipima kwa sababu ilitupwa.

Kutu ilitoka wapi? Maji matupu ya bomba, miaka na miaka. Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, si rangi ya kupendezesha maji. Ina dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo inachoka. Zile za aina ya zamani za magari haya, zenye silikati, unamwaga na kuweka mpya kila miaka 2 hivi. Na unapomwaga, fungua pia bolti ya kumwagia iliyo kwenye bloku. Ukifungua ya rejeta peke yake, maji mengi machafu yanabaki kwenye injini pamoja na tope lote lililokaa chini ya slivu. Ya kwangu ilipofunguliwa haikutoka hata tone, mpaka ilipochokonolewa kwa waya.

Fundi wa pili sasa. Huyu ndiye aliyeua. Alitoa hedi, sawa. Halafu akatia spana kwenye puli ya krenki (mhimili unaopandisha na kushusha pistoni) akaizungusha ili pistoni zipande azisafishe. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikujua ninachokitazama! Kwenye injini ya slivu za maji, hedi ndiyo inayozikandamiza slivu zikae. Ukiitoa, kabla ya kugusa krenki unazibana slivu kwa vibano, hata vya kujitengenezea kwa bolti na washa kubwa. Usipofanya hivyo, pistoni ikipanda inainua slivu, sili ya chini inaachia, na hakuna gasketi mpya duniani itakayokuponya. Akafunga hedi bila kuipima kwa rula wala karatasi za fila, vile vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya. Siku ya tatu oili ikawa kama chai ya maziwa.

Nilipomrudishia, alifanya nini? Akamwaga unga wa kuziba mivujo kwenye rejeta. Maji yakaendelea kuingia kwenye oili, na unga ukaenda kuganda kwenye mirija myembamba ya hita, ambayo nilikuwa nimeirudisha kwa mikono yangu wiki moja tu kabla: hosi mpya, klipu mpya, na valvu ya hita nimeiachia wazi wakati wa kujaza maji ili hewa isikwame. Nilikaa jioni mbili nzima juu ya kazi ile, na ilikuwa inatoa joto safi. Sasa nikipitisha maji kwa hosi upande mmoja, upande wa pili yanatoka machozi.

Na msiniambie "gari la zamani ndivyo lilivyo". 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Mfumo wake wa kupoza ukiwa mzima unatosha. Sikuja kuomba maajabu, nilitaka mtu atafute chanzo kabla ya kushika spana. Mngeniambia "sijui mfumo huu" ningewashukuru na kulipeleka kwingine, na hedi ingekuwa juu ya injini leo.

Fundi wa kwanza nimempigia simu mara mbili. Anasema lilipotoka kwake lilikuwa halichemshi. Wa pili hapokei.

Nahitaji msaada wa waliokwishafungua injini hizi. Karatasi ya fila ya milimita 0.20 inapita katikati ya hedi chini ya rula: mmewahi kuisawazisha iliyopinda kiasi hicho ikadumu, au nitafute nyingine? Slivu nitazitoa zote nne, nisafishe mikao, niweke sili mpya na kupima zinavyochomoza juu ya bloku kabla ya kurudisha chochote. Na kama kuna aliyewahi kuufungua mrija wa hita uliozibwa na unga ule bila kuutoboa, nataka kujua alitumia nini, kwa sababu sipitishi presha kubwa kwenye shaba ya miaka 50.

Picha za slivu naziweka kesho nikishaziosha.