Mrejesho: Tumezunguka Corsica kwa gari la kulala

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza kama gari lenye vitanda na jiko ndani linafaa kwa pwani ya magharibi ya Corsica, Ufaransa, hadi mji wa kale wa Bonifacio. Linafaa, ila chukueni dogo.

Letu lilikuwa mita 6 kasoro, na bado barabara ya D81 kati ya Porto na Piana ilitutoa jasho. Upande mmoja mwamba mwekundu umeinamia njia, upande wa pili kiukuta cha mawe, kisha bahari huko chini kabisa. Kwenye kona moja tukakutana na basi. Mke wangu alishuka akaniongoza kurudi nyuma kidogo kidogo, kioo cha pembeni kikiwa upana wa kiganja tu kutoka kwenye jiwe. Mlionishauri nipite alfajiri mlisema kweli.

Usiku tulilala kambi za kulipia, maana kulala ufukweni ni marufuku.

Bonifacio sasa! Mji umekaa juu ya jabali jeupe la chokaa, nyumba za ukingoni kama zinaning'inia juu ya maji. Tuliacha gari chini, tukapanda kwa miguu. Ngazi ya Mfalme wa Aragon (ufalme wa zamani huko Hispania) ina vidato 187 vilivyochongwa mwambani. Hekaya inasema askari wake waliichonga usiku mmoja mwaka 1420. Magoti yalitetemeka, lakini ng'ambo tulikiona kisiwa cha Sardinia, Italia, waziwazi.

Asanteni sana.